Dola, Neno la Bondeni

Sokoni Panda, mjini Likasi, anayepewa dola haipokei hivihivi. Franga za Kongo hupita mkono kwa mkono hata zikiwa zimechakaa na kunuka samaki. Hizo ni za nyanya, za makaa, za nauli ya pikipiki. Dola ni ya kodi ya nyumba na ya vitu vikubwa, na dola hukaguliwa. Muuzaji huigeuza, huiinua kwenye mwanga, hupitisha ukucha pembeni mwake. Ikiwa na mpasuko mdogo tu, hurudishwa kwa mwenyewe, na hakuna hoja itakayosaidia. Marekani wanaweza kuipokea, Likasi hawaipokei.

Kuna mafundi wanaokagua maneno kwa ukali huohuo. Wanaitwa wanaetimolojia, na kazi yao ni kuuliza neno limetoka wapi, limepita kwa nani, na nani aliliona likipita. Nataka kuwasifu kwa kulifuata neno hilihili la dola, ambalo Kiingereza ndicho kilichotupa. Watu wa Panda hulitamka kila siku, na njia yake, ukiifuata hadi mwisho, inakupeleka mahali ambapo mtu wa migodi wa Likasi asingejiona mgeni sana.

Hatua ya kwanza ya fundi ni kukataa. Msemaji wa Kiswahili akisikia dola anakumbuka papo hapo dola nyingine, ile ya mamlaka na serikali, yenye vyombo vya dola. Fedha hutolewa na serikali, noti zina nyuso za watawala, kwa nini yasiwe neno moja? Ni hoja tamu, na mafundi huogopa hoja tamu. Dola ya serikali ni neno la Kiarabu, dawla, kutoka mzizi wa d-w-l unaobeba maana ya kuzunguka na kupokezana. Dawla ilikuwa zamu kabla haijawa serikali. Bani Abbas walipowaangusha Bani Umayya katika uongozi wa Waislamu mwaka 750, utawala wao waliuita hivyo, yaani zamu yao imefika. Neno hilo lilikuja pwani ya Afrika Mashariki pamoja na Kiarabu cha dini na cha biashara. Dola ya noti ilikuja kwa njia nyingine kabisa, na hayo mawili yamekutana mwishoni tu, kwenye matamshi ya Kiswahili. Vivyo hivyo Ndola, mji ulio ng'ambo ya mpaka katika ukanda wa shaba wa Zambia: hilo ni jina la mahali la wenyeji, na noti haihusiki.

Na Panda yenyewe? Kiswahili peke yake kina kupanda mlima, kupanda mbegu, na panda ya tawi linalogawanyika. Ulaya wana panda mnyama, jina ambalo Frédéric Cuvier alilichapisha Ufaransa mwaka 1825 kwa ajili ya mnyama wa Himalaya. Mtu wa haraka atakwambia komini hii ya Likasi iliitwa hivyo kwa sababu watu walipanda kilima kwenda kazini. Fundi atauliza nani aliandika hivyo, lini, na Wasanga, wenyeji wa hapa, walisema nini kabla Kiswahili hakijawa lugha ya kambi za wafanyakazi. Asipojibiwa, anaiacha kalamu mezani. Mimi naiheshimu sana kalamu hiyo iliyoachwa mezani. Vitabu vingi vya majina ya miji yetu vingekuwa vyembamba zaidi, na vya kweli zaidi, kama waandishi wake wangeijua.

Baada ya kukataa, fundi hutafuta mashahidi. Kwa Kiingereza, shahidi mkuu ni kamusi kubwa ya Oxford. James Murray, Mskoti aliyekuwa mwalimu wa shule, alianza kuihariri mwaka 1879, na kwa miaka mingi aliifanyia kazi ndani ya kibanda cha mabati kilichojengwa kwenye bustani ya nyumba yake. Wasomaji wa kujitolea walimletea vikaratasi kutoka kila upande wa dunia. Kila kikaratasi kilibeba neno moja, sentensi moja lilimoonekana, jina la kitabu na mwaka. Vilifika kwa mamilioni. Murray na wasaidizi wake walivipanga kwa alfabeti, kisha kwa tarehe, hadi umri wa kila neno ukajionyesha wenyewe. Herufi D aliihariri Murray mwenyewe katika miaka ya 1890, kwa hiyo dola ilipita mikononi mwake. Alifariki mwaka 1915. Kamusi ilikamilika mwaka 1928.

Tukitazame kikaratasi kimoja cha namna hiyo. Shakespeare, katika Macbeth, tamthilia ya mwanzoni mwa miaka ya 1600, anamlazimisha mfalme wa Norwe kulipa dola 10,000 kabla ya kuruhusiwa kuwazika wafu wake. Macbeth wa kweli alitawala Uskoti kuanzia 1040 hadi 1057, wakati ambapo hakuna mtu popote duniani aliyekuwa ameona sarafu ya jina hilo. Mwanahistoria atatikisa kichwa. Mwanaetimolojia anafurahi, kwa sababu kosa la mwandishi limekuwa ushahidi. Linaonyesha kwamba watazamaji wa London walilijua neno hili bila kuelezwa, na kwamba masikioni mwao lilifaa kuhusishwa na watu wa kaskazini ya Ulaya, Norwe na majirani zake. Marekani haikuwepo bado. Bunge la Marekani liliichagua dola kuwa fedha ya nchi mwaka 1785, na liliweza kuichagua kwa sababu walowezi wa Kiingereza walikuwa wakiiita hivyo tangu zamani sarafu nzito ya Wahispania iliyozagaa mikononi mwao. Neno lina umri mkubwa kuliko nchi inayojulikana kwalo.

Kaskazini, basi. Ukienda huko unalikuta likiitwa daler kwa Kideni na Kiswidi, daalder kwa Kiholanzi, na Taler kwa Kijerumani, ambalo zamani liliandikwa Thaler. Fundi mzembe angeridhika hapa. Sauti zinafanana, maana ni moja, Ujerumani ina migodi ya madini ya fedha, basi twende nyumbani. Fundi wa kweli anasimama kwenye herufi ya kwanza na kukataa kuondoka. Kwa nini Mjerumani ana t na Mwingereza ana d?

Swali hili linaonekana dogo. Kwa kweli ndilo linalofungua njia nzima. Rasmus Rask wa Denmark mwaka 1818, na Jacob Grimm wa Ujerumani mwaka 1822, waliwaonyesha wasomi wa Ulaya kwamba sauti za lugha ndugu hazitofautiani ovyo. Zinatofautiana kwa utaratibu. Siku ni day kwa Kiingereza na Tag kwa Kijerumani. Mlango ni door na Tür. Binti ni daughter na Tochter. Kunywa ni drink na trinken. Palipokuwa na d katika lugha mama yao, Kiingereza kiliitunza, na Kijerumani cha milimani kikaigeuza kuwa t. Mageuzi hayo yalikwisha zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Neno Taler ni la miaka ya 1500. Lilizaliwa likiwa na t yake, na Mwingereza aliyelichukua kutoka kwa Mjerumani wa milimani angelichukua na t hiyohiyo, kwa sababu sheria ya sauti haifanyi kazi tena baada ya muda wake kupita.

Kwa hiyo d ilitoka kwa mtu mwingine. Nayo ilitoka kwa watu wa Kijerumani cha tambarare za kaskazini na kwa Waholanzi, ambao lugha zao hazikuwahi kuigeuza d ya zamani. Wao bonde waliliita dal, kama Waingereza walivyoliita dale, huku Wajerumani wa milimani wakiliita Tal. Walipoipokea sarafu ya milimani walilitambua neno lililokuwa ndani ya jina lake, wakalitamka kwa kinywa chao, daler. Ndipo likavuka bahari. Herufi moja imetutajia njia ya biashara: kutoka milimani hadi bandari za kaskazini, kutoka bandari hizo hadi London. Hakuna barua ya mfanyabiashara wala daftari la forodha linalohitajika kutuambia hilo. Sioni ushahidi mzuri kuliko huu katika kazi nzima ya maneno, na umekaa mbele ya macho yetu kila tunapolitamka.

Msomaji wa Katanga hahitaji Kijerumani ili kuionja ladha ya sheria kama hii. Mbuzi wa Kiswahili ni imbushi kwa Kibemba na mbuji kwa Kiluba. Ndiye aliyemo katika jina la mji wa Mbuji-Mayi. Kuzika ni ukushiika kwa Kibemba na kujika kwa Kiluba. Z, sh, j, kila mara zikisimama mahali palepale. Anayezijua lugha tatu hizi, na Likasi wako wengi, ameitumia sheria hiyo tangu utotoni bila kuiita sheria. Carl Meinhof alichapisha mwaka 1899 kitabu kilichoweka mlinganisho wa namna hii kwa lugha za Kibantu, na baada yake Achille Meeussen, akifanya kazi Tervuren nchini Ubelgiji, alijenga upya mizizi ya Kibantu cha kale neno kwa neno.

Katika safu hiyo yumo pia Malcolm Guthrie wa London, ambaye Wakatanga tungependa awe sahihi. Aliikusanya mizizi inayopatikana katika eneo lote la Kibantu, akapima kila lugha imehifadhi kiasi gani, akaona Kibemba na Kiluba cha Katanga ziko juu kabisa. Akaweka kitovu cha Wabantu wote huku kwetu, kusini mwa msitu mkubwa. Joseph Greenberg wa Marekani aliuliza swali jingine: lugha zilizo ndugu wa karibu wa Kibantu, lakini si za Kibantu, ziko wapi? Ziko kaskazini-magharibi, mpakani mwa Nijeria na Kameruni, na chimbuko la familia hutafutwa karibu na ndugu zake. Wataalamu wengi leo wanamfuata Greenberg. Moyo wangu uko kwa Guthrie, ushahidi hauko.

Turudi bondeni. Mwaka 1516, katika Milima ya Madini inayotenganisha Saksonia na Bohemia, kabaila Stefan Schlick alianzisha mji wa wachimbaji kwenye bonde ambako madini ya fedha yalikuwa yamepatikana. Mji uliitwa Sankt Joachimsthal, Bonde la Mtakatifu Yoakimu. Jina halikuokotwa tu. Upande wa pili wa milima ulikuwepo tayari mji wa migodi ulioitwa Annaberg, mlima wa Ana. Miaka michache baadaye ukafuata Marienberg, mlima wa Maria. Baba, mama na binti, kila mmoja na mgodi wake. Kuanzia mwaka 1520 akina Schlick waliruhusiwa kupiga sarafu, na walipiga sarafu nzito za karibu gramu 29, upande mmoja Yoakimu mwenyewe, upande wa pili simba wa Bohemia. Watu waliziita Joachimsthaler, yaani za Bonde la Yoakimu. Jina lilikuwa refu mno kwa mtu anayehesabu pesa. Wakamkata mtakatifu, wakabaki na thaler: ya bondeni.

Tusiwacheke, nasi tulifanya vivyo hivyo. Kitambaa cheupe kilicholetwa na meli za Wamarekani Zanzibar katika karne ya 19, kikafunga mizigo ya misafara hadi Ujiji na ng'ambo ya Tanganyika, kilinunua chakula na kulipia njia kama fedha. Kiliitwa marekani. Hakuna aliyeona haja ya kusema kitambaa cha kutoka Marekani. Mahali lilikotoka jambo hugeuka kuwa jina la jambo lenyewe, hasa pale jambo hilo linapopita mikono mingi kwa haraka.

Nusu iliyokatwa ya Joachimsthaler ilikuwa ya Kiebrania. Yoakimu ni Yehoyakimu, jina la mfalme wa Yuda anayetajwa katika Biblia, na maana yake ni kwamba Mungu husimamisha. Nusu iliyobaki ni ya kale zaidi kuliko maandishi yote ya Wajerumani. Mafundi wakiweka pamoja dale ya Kiingereza, Tal ya Kijerumani, dalr ya watu wa kale wa kaskazini na dal ya Wagothi, wanajenga upya neno la mababu na kuliandika *dalą. Kile kinyota cha mbele ni ahadi ya uaminifu. Kinamwambia msomaji: hili hatujalisoma popote, tumelipata kwa hesabu. Naona kinyota hicho ni alama ya heshima kuliko zote zilizobuniwa na wasomi, na ningefurahi kukiona mbele ya madai mengi ya magazetini.

Hesabu hiyo inaendelea hadi nje ya Kijerumani. Lugha za Kislavoni zina dol, lenye maana ya bonde au chini, neno la mzizi uleule. Kwa Kicheki limekuwa důl, na důl maana yake leo ni mgodi. Joachimsthal sasa iko Jamhuri ya Cheki na huitwa Jáchymov. Kwa hiyo mji ulioipa dunia dola uko katika nchi ambayo neno lake la mgodi ni ndugu wa damu wa neno dola. Hakuna aliyepanga hivyo.

Sarafu za thaler zilifika hata kwetu, lakini bila jina lao. Ile ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780 uliorudiwa kwenye kila toleo lililofuata, ilitumika sana Zanzibar na pwani yote, na Waswahili waliiita riale, neno la kifalme kutoka lugha za Wahispania na Wareno. Hela ya Watanzania ni Heller ya Wajerumani, iliyoletwa katika koloni lao mwaka 1904, na Heller nayo ni ya mji wa Hall: sarafu nyingine iliyochukua jina la mahali ilikopigwa. Franga ni ya Wafaransa, ikapitia kwa Wabelgiji. Mfuko wa mtu wa Afrika Mashariki ni ramani ya nani alitawala wapi.

Lakini bonde lile halijamalizana na Likasi. Mwaka 1527 daktari mmoja aliajiriwa na mji wa Joachimsthal, Georg Bauer, anayejulikana kwa jina lake la Kilatini, Agricola. Alitibu wachimbaji, akashuka kuuliza maswali, na mwaka 1530 akachapisha kitabu chake cha kwanza cha madini, mazungumzo yaitwayo Bermannus. Huko alikuta wachimbaji wakilalamikia jiwe waliloliita kobelt. Lilionekana kama madini ya thamani. Likitiwa motoni halikutoa shaba wala fedha. Lilitoa moshi wenye sumu, kwa sababu lilichanganyika na aseniki, na lilikula mikono na miguu ya waliolishika likiwa na maji. Wachimbaji walimlaumu kobold, shetani mdogo wa chini ya ardhi aliyeiba madini mema na kuacha mabaya mahali pake. Mwaka 1735 hivi, Georg Brandt wa Uswidi alionyesha kwamba ndani ya jiwe hilo la uchawi mna metali ambayo hakuna aliyeitambua kabla yake, na kwamba ndiyo inayotia kioo rangi ya buluu. Jina la shetani likabaki kwenye metali: Kobalt kwa Kijerumani, cobalt kwa Kiingereza na Kifaransa, kobalti kwetu. Nikeli ina hadithi ya namna hiyo. Axel Cronstedt aliitoa mwaka 1751 kutoka jiwe ambalo Wajerumani waliliita Kupfernickel, shaba ya Nikeli, na Nikeli huyo alikuwa jini mtani mwingine.

Kobold alitoka wapi? Agricola, aliyekijua Kigiriki, aliandika mwaka 1549 kwamba Wajerumani na Wagiriki wanaliita pepo hilo kwa jina moja, na Wagiriki kweli wana kobalos, laghai. Hoja tamu tena. Sauti zinalingana, maana inalingana, na msomi mkubwa ametia sahihi. Mafundi wa baadaye waliuliza neno la Kigiriki lingewezaje kuingia vinywani mwa wakulima na wachimbaji wa Saksonia bila kuacha alama njiani. Wengi wao wanapendelea maelezo ya nyumbani: kobe, kibanda au nyumba ndogo, na walt, anayetawala. Mtawala wa nyumba. Alianza kama pepo wa jikoni, baadaye akahamia mgodini. Agricola alikuwa mwangalifu kuliko wote wa wakati wake kuhusu mawe. Kuhusu maneno alivutwa na mfanano kama mtu yeyote.

Panda hawakuhitaji kamusi kulijua jiwe hilo. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilijenga Panda mitambo ya kuchambua na kuyeyusha madini, na tanuru zake za umeme zilitoa kobalti wakati ambapo mji ulikuwa ukiitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo. Jina la Likasi lilirudishwa mwaka 1966. Leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, nayo huuzwa kwa dola. Neno la bei na neno la bidhaa ni majirani wa milima ileile, kutoka karne ileile, na wamekutana tena kwenye risiti za Likasi.

Jirani wa tatu alifuata. Madini meusi ya milima hiyohiyo ndiyo yaliyompa Martin Klaproth wa Berlin urani mwaka 1789, akaiita kwa sayari ya Uranus iliyokuwa imegunduliwa miaka minane kabla. Mawe ya Joachimsthal ndiyo waliyoyachambua Marie na Pierre Curie mwaka 1898 hadi wakaipata radiamu. Kisha mwaka 1915 urani ikapatikana Shinkolobwe, safari fupi kutoka Likasi, yenye utajiri usio na mfano, na mwaka 1922 kiwanda cha Olen nchini Ubelgiji kikaanza kutoa radiamu kutoka mawe ya huko. Bonde la Yoakimu likapoteza biashara yake kwa Katanga. Ya mwaka 1945, ya bomu la Hiroshima, yanajulikana.

Shaba yenyewe, iliyoleta haya yote Katanga, ina njia yake. Copper ya Kiingereza ni cuprum ya Kilatini, metali ya kisiwa cha Kupro. Shaba ya Kiswahili ni ya Kiarabu, na ndiyo iliyokuwa jina la mkoa huu kuanzia 1971 hadi 1997. Kabla ya yote mawili palikuwa na mukuba, neno la watu walioiyeyusha na kuimimina katika misalaba karne nyingi kabla ya Jadot. Mkoa ulipotafutiwa jina la Kiafrika, ulipewa la Kiarabu. Mwanaetimolojia mmoja ofisini angetosha.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji wa Likasi jambo moja. Kiswahili cha Katanga kilipikwa kambini, na watu waliotoka Kasai, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya jirani. Maneno yake yamebeba njia hizo zote. Kapita, msimamizi wa kazi, ni capitão ya Kireno, kutoka caput ya Kilatini, yaani kichwa. Mwaka 1965 waliokuwa watumishi wa nyumbani mjini Elisabethville waliiandika historia ya mji wao kwa Kiswahili chao wenyewe, chini ya jina la André Yav. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990, na leo ni shahidi asiye na mbadala wa namna watu walivyosema wakati ule. Panda ilikuwa na mafundi wa tanuru, wapimaji, madereva wa garimoshi na wake zao waliopanga foleni ya posho, na maneno yao mengi hayajaandikwa na mtu.

Kama una babu au bibi aliyeishi katika kambi ya Panda au Shituru, kaa naye. Muulize majina ya vifaa, ya zamu, ya mawe, ya vyeo. Andika neno kama anavyolitamka yeye, si kama unavyofikiri lingepaswa kuwa. Andika alilisikia kwa nani na mwaka gani. Karatasi ya daftari la shule inatosha, mradi tarehe isisahaulike.